Kilo 12 za Mwalimu: uchambuzi wa kisa cha kukonda katika ugonjwa wa Parkinson

Tumwite Mwalimu, kwa kuwa alifundisha maisha yake yote na hata wajukuu humwita hivyo. Ana miaka 71, na huu ni mwaka wa nane tangu aambiwe ana ugonjwa wa Parkinson. Kisa chake nimekiunga kutokana na mambo yanayojirudia kwa wagonjwa wengi ili asitambulike mtu yeyote, lakini hesabu zake zinafuatika kwa kalamu. Aliletwa na mkewe na binti yake kwa lalamiko moja: anakonda. Miezi 14 nyuma alikuwa na kilo 74. Siku hiyo mizani ilisoma 62.

Barua ya rufaa aliyokuja nayo ilisema "BMI 21.5, kawaida". Kwa mtu mwenye urefu wa mita 1.70 hesabu hiyo ya uzito kwa kulinganisha na urefu ni sahihi, ila haijibu swali lililopo. Aliyepoteza kilo 12 kati ya 74 amepoteza zaidi ya asilimia 16 ya uzito wake bila kukusudia. Vigezo vya kimataifa vya utapiamlo viitwavyo GLIM, vilivyochapishwa 2019, vinahesabu kupungua kwa zaidi ya asilimia 10 katika muda unaozidi miezi 6 kuwa dalili ya utapiamlo, na kwa mtu wa miaka 70 na zaidi vinahesabu BMI iliyo chini ya 22 kuwa ndogo. Ukiongeza kwamba anakula kidogo kuliko zamani, Mwalimu alikuwa na utapiamlo, na barua haikuliona hilo.

Ushahidi mwingine ulikuwa kiunoni. Mshipi wake wa ngozi ulikuwa na matundu mawili yaliyotobolewa kwa msumari, moja likiwa bado jipya, na ncha yake ilizunguka hadi karibu na mgongo. Mkewe alizungumza kwa sauti ya mtu aliyekwisha kukubali yaishe: "Huu ugonjwa unamla, mwanangu." Binti hakuitikia wala hakupinga. Yeye ndiye aliyeshika jiko tangu mwaka uliopita, na alikuja na daftari.

Msimamo wangu katika kisa hiki ni kwamba si ugonjwa peke yake uliomla Mwalimu. Kweli, Parkinson ina mchango: mtetemeko na misuli iliyokakamaa hutumia nguvu hata mtu akiwa ameketi. Lakini sehemu kubwa ya kilo zile ilipotea kwa sababu ya ratiba ya vidonge na milo, na kwa katazo la chakula lililowekwa kwa nia njema kabisa. Hayo yote mawili yanarekebishika.

Sahani ya saa saba

Kabla ya kupima kitu kingine niliomba nimwone akila. Kila anayeshughulika na wagonjwa hawa ningemshauri afanye hivyo walau mara moja. Nusu saa ya kumtazama mtu akiwa na sahani mbele yake hutoa majibu ambayo fomu ya maswali haiyafikii.

Dozi zake za levodopa na kabidopa, dawa kuu ya Parkinson, zilikuwa nne kwa siku, kila moja ikiwa na miligramu 200 za levodopa: saa moja asubuhi, saa saba mchana, saa moja jioni na saa nne usiku. Tatu za mwanzo zilimezwa wakati wa milo, kwa sababu ndivyo ilivyo rahisi kukumbuka. Levodopa ikiwa pamoja na kabidopa hupungua kwa nusu kwenye damu kila baada ya takribani dakika 90. Maana yake, Mwalimu alipoketi kula mchana, dawa ya asubuhi ilikuwa imeachia zamani, na kidonge kipya ndiyo kwanza kimemezwa pamoja na kijiko cha kwanza cha wali.

Kijiko hicho kilichukua muda kuondoka kwenye sahani. Kikapanda nusu ya njia, kikasimama, wali ukamwagika, kikarudi chini kujaza tena. Kilipofika mdomoni alitafuna muda mrefu, macho yakiwa kwenye sahani, na mara mbili alikaa na chakula shavuni mpaka binti alipomwambia, "Baba, meza." Mchuzi ukapoa, ukaota utando juu. Mkewe akaona mambo hayaendi, akachukua kijiko akaanza kumlisha, haraka haraka, na hapo Mwalimu akapaliwa. Kikohozi chake kilikuwa dhaifu, hakina msukumo. Akafuta machozi, akasema, "Nimeshiba, mama watoto." Theluthi moja tu ya sahani ilikuwa imeliwa.

Dakika kama arobaini baadaye, vyombo vikiwa vimeshaondolewa, dawa ilishika. Mkono ulilegea, akafunga kifungo cha shati mwenyewe. Kisha ikapitiliza: bega likaanza kujinyonga, kichwa kikayumba, mguu ukawa unacheza bila yeye kutaka, jasho likamtoka. Hali hiyo ilidumu zaidi ya saa nzima. Binti alieleza kwamba nyumbani wameizoea, tena waliifurahia, maana waliona huo ndio muda ambao baba ana nguvu.

Kwa hiyo chakula kilipokuwa mezani mkono haukutii, na mkono ulipotii chakula kilikuwa kimeondolewa. Hali hiyo ilijirudia mara tatu kwa siku, kwa miezi.

Protini ilikwenda wapi?

Katika daftari binti alikuwa ameandika kila alichokula baba yake kwa siku tatu, mpaka kikombe cha chai. Nilipopiga hesabu nilipata wastani wa kalori 1,300 na gramu 35 za protini kwa siku. Mtu mzima mwenye kilo 62 aliye katika hali yake anahitaji kalori kama 30 hadi 35 kwa kila kilo, yaani kati ya 1,860 na 2,170. Protini kwa umri wake ni gramu 1 hadi 1.2 kwa kilo, yaani 62 hadi 74. Alikuwa anapata karibu nusu ya protini aliyohitaji, na kila siku ilipita akiwa na upungufu wa kalori 560 au zaidi.

Nilipouliza mbona mayai, nyama, samaki, maziwa na maharage hayaonekani popote, jibu la binti lilikuwa tayari. "Tuliambiwa protini inaua dawa. Tukaitoa yote."

Jambo hili lina ukweli ndani yake, na ndiyo sababu ni gumu kulitoa kichwani mwa mtu. Levodopa yenyewe ni asidi amino. Ili itoke kwenye utumbo mwembamba iingie kwenye damu, na ili itoke kwenye damu iingie kwenye ubongo, hutumia vibebaji vilevile vinavyobeba leusini, isoleusini, valini, fenilalanini, tairosini na triptofani, ambazo hutokana na protini ya chakula. Mlango ni mmoja, tena mwembamba. Wakija wengi kwa pamoja, levodopa hubaki nje ikisubiri. Ndiyo maana mgonjwa anayekula pande kubwa la nyama mchana anaweza kulalamika kwamba dozi ya mchana haikushika kabisa. Tatizo huwapata hasa waliokwisha kufikia hatua ya dawa kushika na kuachia. Wale wa miaka ya mwanzo mara nyingi hawaoni tofauti yoyote, na sioni haja ya kuwavurugia mlo.

Kosa lilikuwa kwenye hatua iliyofuata. Mwongozo wa mwaka 2017 wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba, unasema mambo mawili kwa pamoja: mgonjwa mwenye vipindi hivyo vya dawa kushika na kuachia azungumze na wataalamu wake juu ya kula sehemu kubwa ya protini kwenye mlo mkuu wa mwisho wa siku, na jumla ya protini ya siku isipunguzwe. Familia nyingi hubeba la kwanza na kuliacha la pili. Nadhani ni kwa sababu kukataza chakula ni kazi ya dakika moja, ilhali kukipanga upya kunataka saa, mizani na mazungumzo.

Mahali pa protini binti alijaza matunda na mboga za majani. Ni vyakula vizuri, sina ugomvi navyo. Lakini tumbo la mgonjwa wa Parkinson mara nyingi humwaga chakula polepole, na likijazwa vitu vyenye maji na nyuzinyuzi tele mtu hushiba kabla hajapata kalori za maana. Mafuta nayo yalipunguzwa, kwa imani kwamba mgonjwa hafai kula mafuta. Tena Mwalimu alikuwa amepoteza uwezo wa kunusa miaka kadhaa kabla hata mkono haujaanza kutetemeka, jambo la kawaida katika ugonjwa huu. Asiyenusa hupoteza sehemu kubwa ya ladha. Alikuwa anawekewa chakula kisicho na mafuta, kisicho na harufu kwake, kilichopoa, halafu anashangaliwa kwamba hana hamu ya kula.

Dozi ile ile, mwili mdogo

Hapa ndipo kisa kinaponivutia zaidi. Mwalimu alipokuwa na kilo 74, miligramu zake 800 kwa siku zilikuwa sawa na miligramu 10.8 kwa kila kilo. Akiwa na kilo 62, miligramu zile zile 800 zimekuwa 12.9 kwa kilo. Hakuna daktari aliyeongeza dozi, lakini mwili wake ulikuwa unapokea karibu asilimia 20 zaidi. Ongeza hapo kwamba protini haipo tena kushindania mlango, basi kila dozi ilipofanikiwa kupita, ilipita kwa kishindo. Matokeo ndiyo yale ya bega na mguu.

Na miondoko ile haitokei bure. Mwili unaojinyonga kwa saa kadhaa kila siku unateketeza nguvu. Akiteketeza zaidi anakonda zaidi, akikonda zaidi dozi inakuwa kubwa zaidi kwa kilo, na miondoko inaongezeka. Kile ambacho familia ilikiita nguvu za baba kilikuwa sehemu ya kilichomkondesha.

Hili lina maana moja kwa daktari anayeandika dawa: mgonjwa wa Parkinson apimwe uzito kila anapokuja. Akiwa amepungua na miondoko imeongezeka, dozi iangaliwe upya kabla ya kuongezewa dawa nyingine ya kutuliza miondoko. Amantadini, inayotumika sana kwa kazi hiyo, kwa baadhi ya watu hupunguza hamu ya kula. Kwa mtu wa kilo 62 anayeshuka, nisingependa ianze yenyewe.

Mfuko wa dawa

Niliomba vidonge vyote vimwagwe mezani. Mbali na levodopa kulikuwa na vidonge vya madini ya chuma, vile vya kuongeza damu, vilivyonunuliwa bila kupimwa baada ya mtu kusema Mwalimu amepauka. Alivimeza pamoja na levodopa, vyote kwenye kiganja kimoja, kwa maji yale yale. Chuma hushikamana na levodopa tumboni na kupunguza kiasi kinachofyonzwa. Vikihitajika vyote viwili, viachane kwa saa mbili au zaidi. Damu yake ilipopimwa ilikuwa ya kutosha, hivyo vikasimamishwa.

Vidonge vya chuma pia hufanya choo kuwa kigumu, na Mwalimu alikuwa anapata choo mara mbili kwa wiki. Hili hakulisema mpaka alipoulizwa bila binti kuwepo. Kufunga choo kwa Parkinson si jambo la pembeni. James Parkinson mwenyewe, katika andiko lake la 1817, alitaja uvivu wa matumbo ya wagonjwa wake, na leo inajulikana kwamba tatizo hilo mara nyingi hutangulia mtetemeko kwa miaka. Utumbo uliojaa huondoa njaa, na huifanya dawa ifike leo mapema na kesho kwa kuchelewa. Mwalimu tena alikuwa amepunguza kunywa maji kwa makusudi, akikwepa safari za chooni usiku ambapo kugeuka tu kitandani ni kazi. Nyuzinyuzi nyingi bila maji, kwenye utumbo unaosukuma polepole, huziba badala ya kufungua.

Nilifurahi kutoikuta metoklopramidi. Wagonjwa wa Parkinson wenye kichefuchefu huandikiwa mara kwa mara, nayo huzuia dopamini ndani ya ubongo, kitu kile kile wanachokikosa. Kuna ambao huambiwa ugonjwa umepanda ngazi, kumbe ni kidonge cha kichefuchefu. Domperidoni hufanya kazi zaidi nje ya ubongo, na inapopatikana madaktari huipendelea, wakiangalia kwanza mwenendo wa moyo.

Kabla ya kuilaumu Parkinson

Mtu mwenye Parkinson anaweza kupata kila ugonjwa mwingine wanaoupata watu wa umri wake. Kwa kupungua kilo 12, kutotafuta kingine kungekuwa uzembe. Daktari aliagiza vipimo vya tezi ya thairoidi, sukari, figo, ini, damu kamili na picha ya kifua. Vyote vilirudi vizuri. Kilichojitokeza ni vitamini B12 kuwa chini. Kutumia levodopa kwa miaka mingi huambatana na upungufu wa B12 kwa baadhi ya wagonjwa, na mtu aliyeacha vyakula vyote vitokanavyo na wanyama huongeza uwezekano huo. Upungufu wake huharibu mishipa ya fahamu ya miguu, na kwa mtu ambaye tayari anayumba, hiyo ni njia ya kuanguka. Akaanzishiwa tiba.

Sonona pia hukondesha na ni ya kawaida katika ugonjwa huu, hivyo aliulizwa juu yake. Alijibu polepole kwa ile sauti ndogo inayotaka uiname kuisikia. Huzuni hakuikana, lakini alilotaka kulisema lilikuwa jingine: "Sipendi wajukuu wanione namwaga." Alikuwa ameanza kusema ameshiba ili aondoke mezani mapema.

Mtaalamu wa kumeza alimwona siku iliyofuata. Aligundua kwamba alimeza vibaya zaidi pale dawa ilipoachia, na vinywaji vyepesi ndivyo vilivyompalia. Hakumwandikia unga wa kufanya vinywaji viwe vizito, na naunga mkono uamuzi huo kwa hatua ile. Vinywaji vizito huwafanya wengi wanywe kidogo zaidi, na Mwalimu alikuwa tayari ana kiu. Alimfundisha kuketi wima, kuchukua funda dogo, kuinamisha kidevu kidogo anapomeza, na kubaki ameketi nusu saa baada ya kula. Mate yaliyokuwa yakimdondoka nayo yalipata maelezo: hayakuwa mengi kuliko kawaida, ila alikuwa anameza mara chache.

Ratiba mpya

Daktari wa mishipa ya fahamu aligawa dawa upya: miligramu 150 mara tano badala ya 200 mara nne. Jumla ilishuka kidogo, kutoka 800 hadi 750, lakini kila dozi ikawa ndogo kwa robo, na pengo la mchana likapungua kutoka saa sita hadi tatu. (Narudia kwa ajili ya anayesoma akiwa na chupa ya vidonge mkononi: dozi hizi ni zake, na kupunguza au kukata levodopa ghafla bila daktari ni hatari.) Saa zikawa kumi na mbili na nusu asubuhi, tatu na nusu, sita na nusu, tisa na nusu, na kumi na mbili na nusu jioni. Kila dozi ikafuatwa na chakula dakika 45 baadaye. Ushauri wa kawaida ni kumeza levodopa kama nusu saa kabla ya kula au saa moja baada ya kula. Kwa Mwalimu tulichagua 45 kwa sababu ndipo mkono wake ulipoanza kutii.

Hivyo milo mitatu mikubwa asiyoimaliza ikageuka mitano midogo. Kwa mgonjwa ambaye shinikizo la damu hushuka baada ya kula, kama ilivyo kwa wengi wao, milo midogo ina faida nyingine tena.

Protini ilirudi, ikapangwa. Asubuhi hadi alasiri aliwekewa kidogo tu, jumla kama gramu 30 zikiwa zimetawanywa, nyingi zikitoka kwenye nafaka na maziwa kidogo. Jioni alipata samaki, nyama laini au maharage, kisha kikombe cha maziwa kabla ya kulala, kama gramu 40 kwa pamoja. Wapo wataalamu wanaotaka mchana uwe karibu bila protini kabisa. Kwa mtu anayekonda sikubaliani nao. Huwezi kumtaka mtu anayekula kwa taabu abebe protini ya siku nzima kwenye sahani moja ya usiku, akiwa amechoka. Ukimbana hivyo, atakula nusu yake, na utakuwa umerudisha katazo kwa jina jingine.

Kalori zilizopungua zilipatikana bila kuongeza ukubwa wa sahani. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ya kupikia kina takribani kalori 120. Kimoja katika kila mlo, mara tano, ni 600. Binti aliandika hesabu hiyo, akaitazama, akauliza kama ni kweli ni hicho tu. Si hicho tu, kwa sababu mafuta nayo huchelewesha tumbo kumwaga chakula, na ndiyo sababu yalitawanywa badala ya kumiminwa kwenye mlo mmoja, na ndiyo sababu kidonge kilitangulia. Lakini kama kuna badiliko moja lililogusa mizani, ni hilo. Viungo viliongezwa pia. Asiyenusa bado anahisi chachu, chumvi, utamu na ukali wa pilipili, na kitu kinachotafunika kwa tofauti kidogo humfurahisha kuliko uji wa rangi moja.

Maji yalipangwa lita moja na nusu, mengi yakinywewa kabla ya saa kumi na moja jioni. Makrogoli, dawa ya kulainisha choo, kila siku mpaka choo kikae sawa. Bakuli lenye ukingo mrefu, kijiko chenye mpini mnene, kitambaa chenye mpira chini ya bakuli kisiteleze. Televisheni izimwe. Maswali yaulizwe kabla au baada ya kula, kwa sababu kutafuna na kujibu kwa wakati mmoja ni kazi mbili ambazo ubongo wake hauziwezi pamoja. Na mkewe aliombwa aweke kijiko chini. Hili lilimuuma, nilimwona. "Sasa nimwache ahangaike?" Nilimwambia, mama, kijiko kikienda haraka kuliko koo lake, chakula hupita njia ya hewa, na nimonia inayotokana na hilo ni miongoni mwa sababu kubwa za vifo kwa wenye Parkinson. Alikubali kwa masharti: mlo wa jioni atakaa naye, wawili tu, bila wajukuu, mpaka Mwalimu atakapotaka mwenyewe.

Miezi iliyofuata

Mwezi wa kwanza alishuka tena, hadi kilo 61.2. Binti alipiga simu akiwa amekata tamaa, akitaka kurudi kwenye utaratibu wa zamani. Sehemu ya gramu zile, kusema kweli, ilikuwa choo cha majuma kilichoondoka. Kilichotupa moyo hakikuwa kwenye mizani bali kwenye daftari: sahani zilikuwa zinamalizika, mlo ulikuwa unachukua nusu saa, na miondoko ya mchana ilikuwa imepungua mno.

Usiku nao ulileta malalamiko yake. Dozi ya mwisho ilikuwa mapema jioni, na juu yake ikafuata protini nyingi. Mwalimu aliamka saa nane usiku akiwa gogo, hawezi kujigeuza, na mkewe ndiye aliyeamshwa. Hii ndiyo gharama ya kuhamishia protini jioni, na mgonjwa aambiwe mapema asije akadhani ugonjwa umezidi ghafla. Daktari aliongeza kidonge kimoja cha levodopa kinachoyeyuka polepole, cha kumeza anapolala, na sisi tukasogeza kikombe cha maziwa kiwe mapema kidogo. Usiku ulitengemaa, ingawa haukuwa mkamilifu.

Mwezi wa tatu alikuwa na kilo 63.5. Wa sita, 66. Hatukulenga 74. Sehemu ya alichopoteza ilikuwa misuli, na kujaza nafasi yake kwa mafuta kungemwongezea mzigo wa kubeba kwa miguu ile ile dhaifu. Kwa hiyo mtaalamu wa mazoezi alimwanzishia mazoezi ya nguvu, kuinuka kitini na kusukuma, katika muda dawa imeshika. Lengo tuliloliandika ni kilo 68, na huenda tukaishia 67.

Mambo mawili yamebaki wazi. Kumeza kwake kutazamwa kila miezi minne, na kabla hali haijalazimisha tumefungua mazungumzo ya mrija wa kulishia tumboni: kama angeutaka au la. Bado hajaamua. Ni afadhali aulizwe sasa, sauti yake ikiwa inasikika, kuliko wengine waje kuamua kwa niaba yake wodini.

La pili ni dawa. Kwa ajili ya asubuhi ambazo bado ni nzito, daktari anafikiria kundi la pramipeksoli na ropiniroli, dawa zinazoiga dopamini, ila anasitasita kwa umri wake kwa sababu ya maruweruwe. Dawa hizo kwa baadhi ya watu huamsha tamaa zisizozuilika, ikiwemo kula bila kikomo, na uzito hupanda kwa kasi. Zikianzishwa, mkewe ameombwa aseme mara moja akiona anakula kwa kujificha, anacheza kamari au ananunua vitu ovyo, hata kama Mwalimu mwenyewe atakana. Kupungua kilo mbili ndani ya mwezi, kupaliwa katika kila mlo, homa yenye kikohozi, au siku tatu bila choo, waje bila kungoja tarehe ya kliniki.